Kuendesha amri za seva kutoka ukurasa wa wavuti: njia tano zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Dawati la huduma kwa wateja linataka kitufe. Mteja akipiga simu usiku kulalamika kwamba intaneti imekata, mhudumu aandike anwani ya ruta ya mteja kwenye ukurasa, abonyeze, aone majibu ya ping (kipimo cha kama mashine inajibu) na traceroute (orodha ya ruta zilizo njiani) papo hapo bila kumwamsha fundi wa mtandao. Kurasa za namna hii zipo siku nyingi. Kampuni kubwa kama Hurricane Electric zimeuweka wa kwao wazi kwa dunia nzima, na yeyote anaweza kuziomba ruta zao zipige ping au zionyeshe njia za BGP, itifaki ambayo mitandao huelekezana njia za intaneti. Kazi yenyewe ni ile ile kila mahali: seva ya wavuti inapokea ombi, inaendesha amri, inakusanya kilichochapishwa na kukirudisha kwenye kivinjari.

Njia za kulifanya hilo ni nyingi, na kila fundi ana yake anayoiapia. Hapa ninalinganisha tano: CGI ya kizamani, kuita amri kutoka ndani ya programu ya wavuti, vyombo vilivyo tayari kama shell2http na webhook, foleni ya kazi, na terminali nzima ndani ya kivinjari. Kipimo ni kitufe hicho hicho cha ping. Nimeichagua ping kwa makusudi, kwani inaonekana haina madhara, na bado ruta nyingi za nyumbani zimewahi kutekwa kupitia ukurasa wao mdogo wa "jaribu muunganisho".

Maswali mawili ndiyo yanayoamua. Mstari wa amri unaandikwa na nani, wewe au mgeni? Na amri inachukua muda gani kumaliza? Suala la PHP au Python au Go, ambalo ndilo watu hulianza nalo, linakuja nyuma kabisa.

CGI: fupi kuliko zote, mradi mgeni haandiki kitu

CGI, kanuni inayoiruhusu seva ya wavuti kuendesha skripti na kurudisha matokeo yake, ilianzia NCSA, kituo cha kompyuta kuu huko Marekani, mwaka 1993, na kwa ufupi haijapata mpinzani. Skripti nzima ni hii:

```
#!/bin/bash
echo "Content-Type: text/plain; charset=utf-8"
echo
uptime
df -h
```

Kwenye Debian au Ubuntu unaiweka /usr/lib/cgi-bin, unaipa ruhusa ya kuendeshwa, unawasha moduli kwa `a2enmod cgid`, unaanzisha Apache upya, kwisha. Kila ombi likija Apache inazaa mchakato mpya, inaupa habari za ombi kupitia vigeu vya mazingira kama QUERY_STRING na REQUEST_METHOD, na chochote skripti inachochapisha ndilo jibu. Ukisahau ule mstari mtupu baada ya Content-Type, unapata kosa la 500 na kwenye logi maneno "End of script output before headers". Wengi wamehangaika nayo usiku kucha kwa ajili ya `echo` moja.

Watu huilaumu CGI kwa uzito wa kuzaa mchakato kila ombi. Kwa kazi yetu lawama hiyo haina uzito wowote, maana amri utakayoiendesha nayo ni mchakato mpya vilevile. Shida iko kwingine, yaani bash, sheli inayosoma na kutekeleza mistari ya amri, kukaa mlangoni na kupokea maneno ya wageni. Mwaka 1996 skripti ya mfano iliyoitwa phf, iliyosambazwa pamoja na NCSA httpd na Apache, iligundulika kuwa inachuja alama za hatari lakini imeisahau moja, alama ya mstari mpya. Aliyeandika `%0a` kwenye anwani aliweza kuongeza amri yake chini ya amri halali. Miaka 18 baadaye, tarehe 24 Septemba 2014, likatangazwa kosa la Shellshock: bash ilikuwa inatekeleza maandishi yaliyofichwa ndani ya vigeu vya mazingira. Na CGI, kwa jinsi ilivyoundwa, huingiza vichwa vya HTTP, mfano User-Agent, kwenye vigeu hivyo hivyo. Hapo skripti yako inaweza kuwa safi kabisa, isisome neno hata moja la mgeni, na bado mtu akaingia.

Bash ilitibiwa zamani. Ila somo la mahali pa kuitumia CGI limebaki: ukurasa wa ndani unaoonyesha `uptime`, nafasi ya diski, hali ya huduma fulani, bila kisanduku cha kuandikia. Hapo sioni sababu ya kumzuia mtu. Ukitumia nginx, ujue yenyewe haina CGI, unahitaji fcgiwrap pembeni. Na anayetegemea moduli ya `cgi` ya Python ajipange, kwani iliondolewa kwenye toleo la 3.13 mwezi Oktoba 2024; skripti ya CGI ya Python bado inawezekana, lakini kazi ya kusoma fomu unaifanya mwenyewe.

Ndani ya programu ya wavuti: sheli au orodha

Hapa ndipo wengi wetu tunafanyia kazi, na hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo. Karibu kila lugha ina milango miwili. Mlango wa kwanza unachukua sentensi nzima na kuikabidhi kwa sheli: `shell_exec` ya PHP, `exec` ya Node.js, `subprocess.run` ya Python ukiweka `shell=True`. Mlango wa pili unachukua orodha, jina la programu kwanza kisha hoja zake moja moja, na sheli haiguswi: `proc_open` ya PHP ikipewa orodha (tangu toleo la 7.4), `execFile` na `spawn` za Node.js, `subprocess.run` ya kawaida. Go imeufunga kabisa mlango wa kwanza, `exec.Command` haiiti sheli mpaka uiite wewe kwa jina.

Tofauti utaiona mgeni akiandika `8.8.8.8; cat /etc/passwd`. Mlango wa kwanza unaona amri mbili na kuzitekeleza zote. Mlango wa pili unaipa ping hoja moja yenye nuktamkato na nafasi ndani yake, na ping inalalamika kwamba haimjui mwenyeji wa jina hilo. Hakuna cha kuchuja, kwa sababu hakuna anayezisoma alama hizo.

Wako wanaosema, "Mimi natumia `escapeshellarg`, niko salama." Kwa nuktamkato, sawa. Kwa kistari, hapana. Hoja inayoanza na kistari, hata ikifungwa ndani ya vinukuu kumi, programu inayoipokea itaiona kama swichi yake. Mgeni akiandika `-f` badala ya anwani, umempa swichi ya ping. Mfano unaouma zaidi ni PHPMailer, maktaba ya kutuma barua pepe iliyokuwa kwenye tovuti nyingi mno: Desemba 2016 ilibainika kwamba anwani ya mtumaji iliyotungwa kwa ujanja ilifika kwa sendmail ikiwa swichi za ziada, mojawapo ikiwa ya kuandika logi kwenye faili ambalo mshambuliaji amelichagua, ndani ya saraka ya wavuti. Matokeo yake ni faili la PHP la mgeni linaloendeshwa kwenye seva yako. Orodha nayo haikukingi na hili. Kinga ni kuweka `--` kabla ya hoja ya mgeni pale programu inapoielewa, na zaidi ya hapo, kukataa kitu chochote kisicho na umbo unalolitarajia.

Kukagua umbo nako kuna mitego. Python ina moduli nzuri ya `ipaddress`, na wengi huandika `ip_address(x)` wakaona wamemaliza. Tangu toleo la 3.9 kazi hiyo inakubali anwani ya IPv6 yenye jina la kadi ya mtandao baada ya alama ya asilimia, na hailichunguzi jina hilo sana. `fe80::1%;reboot` inapita kama anwani halali. Ukiwa umepita mlango wa orodha, utapata ujumbe wa kosa tu. Ukiwa na `shell=True`, seva imezimika na ukaguzi wako umeibariki.

Kwa kitufe cha dawati letu ningeandika hivi:

```
import ipaddress, subprocess
from flask import Flask, request, Response

app = Flask(__name__)
WATEJA = ipaddress.ip_network("100.64.0.0/10")

def jibu(maneno, hali=200):
    return Response(maneno, hali, mimetype="text/plain")

@app.post("/ping")
def ping():
    try:
        ip = ipaddress.IPv4Address(request.form.get("ip", ""))
    except ValueError:
        return jibu("Anwani si sahihi\n", 400)
    if ip not in WATEJA:
        return jibu("Hiyo si anwani ya mteja wetu\n", 403)
    try:
        r = subprocess.run(
            ["/usr/bin/ping", "-n", "-c", "4", "-w", "8", str(ip)],
            stdin=subprocess.DEVNULL, stdout=subprocess.PIPE,
            stderr=subprocess.STDOUT, text=True, timeout=10)
    except subprocess.TimeoutExpired:
        return jibu("Muda umekwisha\n", 504)
    return jibu(r.stdout)
```

Uzio wa `100.64.0.0/10` ni ule ambao watoa huduma huwagawia wateja walio nyuma ya anwani moja ya pamoja. Ukikosa kuweka uzio, umempa kila mhudumu, na kila atakayeiba pasiwedi ya mhudumu, chombo cha kuchorea ramani ya mtandao wako wa ndani. Ukiweka kinyume chake, yaani "anwani za intaneti ya wazi tu", utawakatalia wateja haohao unaotaka kuwasaidia.

Angalia pia kwamba sikugusa `r.returncode`. Ping inarudisha 1 ikiwa hakuna jibu lililorudi, na hilo ni tokeo halali kabisa. Mhudumu anataka kuliona, asikutane na ukurasa wa kosa la 500. Namba 2 ndiyo ya kosa lenyewe. Kila amri ina desturi yake (`grep` nayo hurudisha 1 isipopata kitu), hivyo kanuni ya "si sifuri, basi imeharibika" itakudanganya.

Matokeo yanarudi kama `text/plain`, na swichi ya `-n` inazuia kutafuta majina. Kwenye traceroute hili lina maana zaidi kuliko linavyoonekana, kwani majina ya ruta za njiani yanatoka kwenye DNS za watu wengine, na ukiyamimina ndani ya HTML bila kuyasafisha umeruhusu wageni waandike kwenye ukurasa wako.

Kuhusu muda, usiamini kikomo cha lugha. `max_execution_time` ya PHP, ambayo kwa kawaida ni sekunde 30, kwenye Linux haihesabu muda unaotumika ndani ya `system` na ndugu zake; amri inaweza kukwama nusu saa na PHP ikawa inasubiri kwa upole. Iwekee amri yenyewe kikomo, kwa mfano `timeout 10 ping ...`. Python inamuua mtoto muda ukiisha, ila wajukuu, yaani michakato iliyozaliwa na mtoto huyo, inaweza kubaki ikiendelea. Node.js ina kikomo cha aina nyingine: `exec` na `execFile` hukusanya hadi MB 1 ya matokeo, ikizidi mtoto anauawa. Kwa amri yenye maneno mengi tumia `spawn`.

Halafu kuna lile swali la kila wiki, "mbona kwenye terminali inafanya kazi, kwenye wavuti haifanyi?" Mara nyingi ni PATH fupi, HOME isiyokuwepo, au www-data, akaunti ambayo seva ya wavuti huendeshwa nayo, kukosa ruhusa. Ndiyo maana nimeandika `/usr/bin/ping` kwa ukamilifu na kuunganisha stderr (mkondo wa makosa) na stdout (mkondo wa matokeo). Bila hivyo ujumbe unaokueleza shida unapotelea kwenye logi usiyoifungua. Mara nyingine faili uliloandika kwenye /tmp halionekani kabisa, kwa sababu systemd imeipa huduma hiyo /tmp yake ya faragha kupitia PrivateTmp.

Vyombo vilivyo tayari

shell2http ni programu moja ya Go. Unaipa njia na amri, inafungua seva kwenye poti 8080:

```
shell2http -host=127.0.0.1 -timeout=10 /diski "df -h" /muda uptime
```

Ukilinganisha na CGI, huhitaji Apache wala kuandika vichwa vya HTTP. Ukilinganisha na programu yako mwenyewe, umepoteza ukaguzi wa umbo: ukiwasha `-form`, maneno ya mgeni yanaingia kama vigeu (`$v_ip` na kadhalika) ndani ya sheli, na tumerudi kwenye bash mlangoni. Usipoweka `-host`, inasikiliza kila kadi ya mtandao ya mashine. Naipenda kwa kazi ya muda, ukiwa kwenye maabara au unataka kuchungulia kitu kwa siku mbili, kisha unaizima.

webhook ya Go (poti 9000) imekusudiwa kazi nyingine kidogo, yaani mfumo mmoja kuuamsha mwingine. Msimbo ukisukumwa kwenye hifadhi, seva inauvuta na kujisasisha. Ubora wake ni kukagua sahihi ya HMAC, inayothibitisha kwa siri ya pamoja kwamba ombi limetoka kwa mtumaji halali, kabla ya kufanya lolote, na hoja inazipeleka kwa orodha. Kasoro kwa mahitaji yetu ni kwamba kwa kawaida inajibu mara moja na kuiacha amri iendelee peke yake; kurudisha matokeo sharti uandike `include-command-output-in-response`. Kama anayebonyeza ni mashine, chagua webhook kabla ya shell2http bila kufikiri mara mbili. Kama ni mtu, hakuna kati ya hizo mbili ninayoipendekeza kwa dawati.

Jambo moja linazigusa zote. Amri inayobadilisha kitu isikubali GET, ombi la kawaida la kufungua kiungo; itake POST. Ukibandika kiungo cha `/anzisha-upya` kwenye kundi la WhatsApp, programu inakifungua yenyewe ili kutengeneza kile kijipicha cha kiungo, na huduma inaanza upya kabla hujamaliza kuandika "msibonyeze". Ukurasa wowote wa nje nao unaweza kuweka anwani hiyo kama picha, na kivinjari cha mhudumu aliye ndani ya mtandao kikaiita bila yeye kujua.

Amri ikichukua zaidi ya nusu dakika

Ping ya sekunde 4 haina haja na foleni. Traceroute yenye ruta zisizojibu inaweza kufika dakika nzima, `mtr` (traceroute inayojirudia) ya pakiti mia ni zaidi ya dakika, na nakala rudufu ya hifadhidata ni saa. Hapo unakutana na vikomo vya watu wa kati: Gunicorn, seva inayoendesha programu za Python, humuua kibarua wake wa kawaida aliyekwama sekunde 30, nginx husubiri sekunde 60 bila kusikia kitu kisha inatoa 504, kosa la muda kuisha. Mhudumu akiona 504 anabonyeza tena, na tena. Sasa una michakato mitatu ya `mysqldump` inayogombea diski moja.

Unaweza kuongeza vikomo hivyo. Ni plasta. Foleni ndiyo tiba: ombi linaandika kazi, linajibu 202 ("nimepokea") na namba ya kazi, kibarua wa pembeni (Celery na Redis, foleni ya Laravel, chochote ulichozoea) anaiendesha, na ukurasa unauliza kila sekunde chache kama matokeo yako tayari. Faida ambayo watu huisahau ni kwamba kibarua anaweza kuwa mtumiaji mwingine kabisa, hata mashine nyingine. Seva ya wavuti inayoelekea intaneti haibaki na ruhusa ya kuendesha amri yoyote, inajua kuandika kwenye foleni tu.

Kati ya kusubiri na foleni kuna njia ya katikati, kutiririsha mstari kwa mstari kwa `text/event-stream`, au kwa websocketd ambayo hugeuza kila mstari wa stdout kuwa ujumbe. Kwa traceroute inapendeza, mhudumu anaona hatua zikijitokeza moja moja. Lakini mistari ikikaa kimya kisha ikaja yote kwa mpigo, washukiwa ni wawili: nginx inayohifadhi jibu (tuma kichwa cha `X-Accel-Buffering: no`), au programu yenyewe, kwani nyingi zikiona haziandiki kwenye terminali hulimbikiza matokeo kwanza. `stdbuf -oL` mbele ya amri huwa inatosha.

Terminali ndani ya kivinjari

ttyd, Cockpit, Webmin. Hizi hazijibu swali letu la kwanza, zinalifuta: mgeni anaandika chochote. Kwa msimamizi aliye mbali na kompyuta yake zinafaa, kwa dawati la huduma hazifai hata siku moja.

Kati yao naiweka Cockpit mbele, maana unaingia kwa akaunti yako ya Linux na unafanya yale tu ambayo akaunti hiyo inaruhusiwa. ttyd ni nyepesi, na tangu toleo la 1.7.4 inaanza kwa kutazama tu mpaka uiambie `-W`, uamuzi wa busara. Webmin ipo tangu 1997 na inajua kila kitu, lakini mwaka 2019 iligundulika kwamba seva yao ya kutengenezea matoleo ilikuwa imechezewa na toleo la 1.890 lilitoka na mlango wa siri; tiba ikaja na 1.930. Chombo chenye mamlaka ya root kikikaa kwenye poti iliyo wazi kwa dunia, kosa la mtu mwingine linakuwa lako. Ziweke zote nyuma ya VPN.

Amri inapotaka root

Siku si nyingi dawati litarudi na ombi la pili: kitufe cha kuanzisha upya FreeRADIUS, seva inayothibitisha wateja wanaoingia mtandaoni. www-data haiwezi, na jibu la haraka ni sudo, inayoendesha amri kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Kama ni sudo, iwe mstari mmoja wenye amri kamili:

```
www-data ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart freeradius.service
```

Nyota usiiweke. Kwenye hoja za sudoers nyota hulingana na herufi yoyote, nafasi na mkwaju pia, hivyo `restart *` ni pana kuliko unavyodhani. Na kama umeilinda huduma yako kwa `NoNewPrivileges=yes`, jambo jema, sudo itagoma kabisa ndani yake; watu wengi hapo huondoa ulinzi badala ya kuondoa sudo.

Mimi naona afadhali kitengo cha path cha systemd. Programu ya wavuti inaandika faili tupu kwenye saraka yake, systemd inaliona na kuanzisha huduma nyingine inayoendeshwa na root, yenye amri moja uliyoiandika wewe, ambayo mwishowe inalifuta faili. Neno la mgeni halina pa kupita. Gharama yake ni kwamba matokeo hayarudi moja kwa moja. Huduma ile iandike mahali ambapo ukurasa utayasoma, sekunde moja au mbili baadaye. Kwa kuanzisha upya FreeRADIUS, mhudumu ataona "imewaka" au mistari ya mwisho ya logi, na hicho ndicho alichokitaka.